Inuse Kabla Hujaimwaga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo viganja hunitoka jasho, ingawa ilikuwa siku ya baridi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba hii hii, hapa Sepuka, nimekiinamisha kibuyu cha mama mkwe wangu, na chachu yake yote inashuka ardhini huku kuku wakiigombania. Sikulia wala sikuogopa. Niliona nimefanya jambo la mtu mwenye akili.

Lakini kaa kwanza, nikusimulie vizuri. Najua hukai. Tangu ushuke kwenye basi asubuhi umekalia ukingo wa kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina lake. Umeniamkia, nimekuitikia marahaba, na kabla sijakuuliza habari za mjini umenimiminia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mumeo, mwanangu Yona, hasemi nawe tena, na kwamba chachu niliyokupa imekufa. Begi lako nimeliona, na ukubwa wake nimeuona pia. Huo si ukubwa wa mtu aliyekuja kusalimia. Umesema unapitia tu, kesho unaendelea kwenu. Haya. Kesho bado haijafika.

Na usidhani nakuhubiria kutulia kwa sababu mimi nimetulia. Mimi kutulia sikujaliwa. Unaniona hapa nimeshanyanyuka kufukuza kuku, nimeshanyanyuka kusogeza sufuria, na bati lile likigongwa tena na upepo nitanyanyuka nikalitazame, ingawa najua ni bati tu. Nikiwa msichana mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa njiani, ndiyo maana siwezi kuona mlango bila kutoka. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapewa chachu aitunze.

Mimi, kama unavyojua, ni Mnyiramba wa Kinampanda, nikaolewa huku kwa Wanyaturu. Si mbali, lakini nilijiona nimevuka dunia. Kwetu tulikuwa watu wa kelele. Mtu akikukasirikia anakufokea, mnagombana, mnakula ugali, yamekwisha. Hapa nikamkuta mama mkwe mwenye maneno machache, na hayo machache ni ya Kinyaturu. Kiswahili alikitoa kwa ajili yangu tu, kama mtu anavyotoa vyombo vya wageni kabatini, na kila alipomaliza alivirudisha. Mume wangu Njiku, baba yake huyo Yona wako, alikuwa vilevile. Nilikaa katikati ya watu wawili wasiosema, nikawa najijibu mwenyewe.

Wakati huo uwele ulipurwa kwa zamu. Leo kwenu, kesho kwetu. Majirani walikuja na fimbo zao, wakapiga masuke uwanjani kuanzia asubuhi, na mwenye nyumba aliwapokea kwa pombe, huu mtukuru wetu wa nafaka. Hakukuwa na malipo mengine. Siku yako ikifika na mitungi haijaiva, watu watakuja, watakusalimia vizuri, watakaa kidogo, kisha watakumbuka kwamba wana kazi makwao. Zamu imekupita. Mavuno yako yatabaki uwanjani, na ng'ombe wameshafunguliwa wanatembea mashambani wakitafuta mabua. Kwa bi harusi lilikuwa jambo kubwa zaidi. Nyumba ikipitwa na zamu mwaka ule alioingia yeye, hata mbuzi akivunjika mguu watasema ni yeye.

Sasa siku zile za kupura zinakaribia, wifi yangu, bintiye mama mkwe, akashikwa na uchungu wa uzazi kule Ikungi alikoolewa. Mama mkwe akafunga nguo zake chache aende kumwuguza. Kabla hajaondoka akaniita ndani, akanionyesha kibuyu kidogo kilichoning'inia pembeni mwa ghala, pale moshi wa jikoni unapopita lakini joto la moto halifiki. Akaniambia, "Hii ndiyo chachu ya nyumba. Mama yangu alinipa. Mlishe uji uliopoa, kijiko tu, mfunike kwa jani, usimkabe koo. Kisha mwache. Siku nne kabla ya kupura, pika uji, tia kimea, umtie huyu. Nitarudi asubuhi ya kazi." Nikasema ndiyo, mama. Akanitazama kidogo akarudia neno moja, "Mwache."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi langu lilikuwa linatafuta pa kuvunjikia.

Siku ya kwanza nilikifungua kibuyu kuona kama chachu iko hai. Ilikuwa hai, inatoa mapovu madogo, inanong'ona. Nikafurahi, nikailisha. Mchana nikafungua tena kuona kama imeshiba. Jioni nikaisogeza karibu na moto kwa sababu baridi ilikuwa kali, unaijua baridi ya huku mwezi wa saba, ule upepo unaopita katikati ya mawe ukaja na vumbi lake lote. Asubuhi nikaona imechemka sana nikaogopa, nikaitoa nje ipoe. Nikaongeza uji. Nikaonja. Nikatikisa. Nilikuwa kama mama wa mtoto wa kwanza anayemwamsha mtoto kumwuliza kama amelala. Basi chachu ikachoka na mimi. Baridi ikazidi, na siku moja nilipofungua nikakuta kimya. Juu maji meupe, chini machicha yametuama, hakuna povu hata moja.

Nikasubiri. Nisikudanganye, nilichokiita kusubiri ni kuzunguka nyumba na kurudi kuchungulia. Kimya. Nikaweka sikio. Kimya. Na ilikuwa ndiyo siku ya kuanza kupika pombe, na uji uko motoni tayari. Nikasema, basi imekufa, na maiti haikai ndani. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaimwaga, kama nilivyokuambia, na kibuyu nikakisuuza kwa maji ya moto kikawa safi kuliko kilivyokuwa tangu kitoke shambani. Kisha ndipo akili ikanirudia ikaniuliza, sasa pombe utaichachusha kwa kitu gani? Nikakimbia kwa jirani.

Jirani alikuwa Mama Asha, nyumba ile ya upande wa pili wa korongo, ambako sasa anakaa mjukuu wake. Walikuwa Waislamu, pombe hawaigusi. Sijui kwa nini nilikimbilia kwao. Nadhani nilitaka mtu wa kunihurumia tu. Nikampa shikamoo huku nahema, nikamwambia chachu ya mama imekufa, nimeimwaga, na kupura ndiyo huko kunakuja.

Aliendelea kuchambua karanga zake. Akauliza, "Ilikuwa inanukaje?"

Nikasema, "Kama kawaida. Uchachu, na utamu kidogo, kama ndizi iliyoiva."

"Juu ilikuwa na ukungu? Wa kijani, mweusi?"

"Hapana. Maji tu."

"Ulipoionja ilikuwa chungu?"

"Hapana, mama. Ilikuwa kimya tu."

Ndipo akaacha karanga. Akaniambia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Basi umemzika mtu aliyelala, binti yangu. Chachu ikifa inaoza, na ikioza pua itakwambia kabla ya macho. Ile ilikuwa imeona baridi ikajikunja. Wewe mwenyewe hulali?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze pamoja na wale kuku. Maji yakimwagika hayazoleki, na ile haikuwa maji. Ilikuwa kitu cha mama yake mama mkwe wangu, kimetunzwa njaa na shibe, kikaja kuishia kwangu.

Mama Asha akaniacha nilie kiasi, kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu kidogo. Akasema, "Hii ni ya mama mkwe wako. Aliiweka kwangu kabla hujaja." Na akanifundisha desturi ambayo nyumbani kwetu sikuwa nimeisikia. Wanawake wa hapa waliokuwa wanajua kazi yao hawakuacha chachu yote kwenye nyumba moja. Sehemu walimpa mwingine amtunzie, na aliyetafutwa ni wa nyumba isiyokunywa pombe, kwa sababu nyumba inayokunywa ikikumbwa na ngoma au arusi ya ghafla itakomba hata akiba. Mama Asha aliitumia kuchachusha togwa ya watoto, tone kidogo tu, na kila mwaka mama mkwe alikuja wakabadilishana, ya huku ikaenda kule na ya kule ikaja huku. Mmoja msikitini, mwingine kanisani, chachu moja. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii ya kwetu huoza usipomjua wa kumwachia.

Nilipokishika kile kibuyu, nacho kilikuwa baridi na kimya. Nikamtazama. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Hutaondoka nacho," akasema. "Nawe hutakifungua. Kaa hapa uchambue karanga."

Akamimina uji wa uvuguvugu, ule ukiutia kidole huusikii moto wala baridi, akafunika kwa jani, akakiviringisha kibuyu kwa kitenge, akakiweka juani kati yetu, mahali upepo haufiki. Tukakaa. Mwanangu, hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama ile. Nimelima, nimebeba kuni, nimezaa, lakini kukaa vile! Uji wangu nyumbani unapoa, siku inakwenda, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kile kitenge, na kila ulipokaribia yule mama alikohoa. Jua lilikuwa utosini niliposikia kitu kama mtu anayevuta pumzi puani. Nikadhani ni yeye. Ilikuwa chachu. Jani lilikuwa linainuka na kushuka.

Nilipika. Pombe ikaiva. Watu wakaja na fimbo zao, na mama mkwe akatokea asubuhi ile ile kama alivyoahidi, vumbi la Ikungi limemjaa miguuni. Nikampelekea kibuyu cha kwanza aonje. Akaonja. Akaonja tena. Akanitazama, kisha akapitisha kibuyu kwa wazee bila kusema neno. Nilijua amejua. Chachu iliyokaa kwa Mama Asha ilikuwa na ulaini wake, si ukali wa ile ya kwetu, na ulimi wake usingeweza kudanganywa. Uwele ukapurwa, watu wakaimba, wakanywa, wakamsifu bi harusi. Mama mkwe akaendelea kunyamaza.

Akanyamaza siku ile, na iliyofuata, na wiki nzima. Awali alikuwa na maneno machache, sasa hakuwa nayo kabisa. Nikimpa chakula anapokea anakiweka pembeni. Nikimsalimia anaitikia kwa kichwa. Usiku siwezi kulala, mchana siwezi kushika kazi ikaisha. Nikawaza, ananisubiri niseme. Nikawaza tena, hapana, ameshanihukumu, anamsubiri Njiku anirudishe. Na Njiku naye, nikimwuliza, anasema, "Mwache mama." Mwache, mwache, nyumba nzima haina neno lingine! Mwisho nikasema upendo wa nyumba hii kwangu umekufa, na sitangoja kufukuzwa. Nikafunga nguo zangu kwenye khanga nikashika njia ya kwetu.

Njia ilipita kwa Mama Asha. Nilijaribu kupita haraka. Akaniita kutoka uani, akautazama mzigo kichwani kwangu, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia. Mama mkwe hasemi nami, nimeona bora niondoke na heshima yangu.

Akaniuliza, "Amekutukana?" Nikasema hapana. "Amekunyima chakula? Amekupiga?" Nikasema hapana, mama, amenyamaza tu.

Akasema, "Hivi wewe! Juzi umemwaga kimoja kwa sababu kimenyamaza. Leo unakwenda kumwaga cha pili? Umemwuliza ana nini?"

Sikuwa nimemwuliza. Wiki nzima nilikuwa nimemchungulia, nimemsikiliza mlangoni, nimemhesabia miguno, nimempangia maneno aliyoyawaza. Kumwuliza sikumwuliza. Niligeuza na mzigo wangu kichwani, na hasira kidogo, maana kuambiwa kweli hakufurahishi.

Nilimkuta amekaa kwenye ngozi, mikono mitupu. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, una nini? Kama ni chachu, niliimwaga mimi, na nimekuja kuomba radhi. Kama ni kingine, niambie."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akasema, "Chachu?" Kisha akasema, "Mtoto wa wifi yako hakukaa. Alilia mara moja tu. Tulimzika kule kule. Mama yake akaniapisha nisimwambie mtu mpaka atakapokuja mwenyewe, hataki watu wamlilie kabla hajapata nguvu ya kuwaitikia. Njiku anajua. Wewe sikukwambia, kwa sababu wewe huwezi kukaa na neno." Akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Ile pombe nilipoionja nilijua umekwenda kwa Mama Asha. Nilishukuru. Nilisema, walau huyu akipotea anajua pa kukimbilia."

Nilikaa naye pale kwenye ngozi mpaka kuku wakaingia kulala. Hatukusema mengi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, nami mshindo wa kile nilikuwa nimeutafuta upande usio wake.

Basi sasa, mwanangu, tuje kwako na chupa yako.

Kwanza, chupa ya soda si kibuyu. Ile ya mwanzo uliikaza kifuniko ikalipuka kabatini ikapaka rangi sahani za mama mwenye nyumba, nawe ukanipigia simu ukilia na mimi nikacheka, unisamehe. Chachu inapumua. Ukiifunga, ilegezee. Hii ya pili umeiweka kwenye friji, si vibaya, baridi inailaza na iliyolala hutunzika. Lakini iliyotoka kwenye friji haiamki kwa kutikiswa. Ipe uji wa uvuguvugu, ifunike, iweke pasipo na upepo, ukafanye kazi nyingine. Nyingine anika machicha yake kivulini kwenye ungo mpaka yakauke, funga kitambaani, tundika mbali na panya. Na sehemu mpe mwenzako akutunzie, yule asiye na haja nayo kubwa. Nimeinusa hii yako tangu ulipoiweka mezani. Ni nzima, imelala tu, ndiyo maana nimeipa uji nikaiviringisha kitenge na kuiweka juani kabla sijaanza kukusimulia.

La pili ni Yona. Yule nimemzaa mimi, kanyonya kwangu, lakini kimya kakitoa kwa baba yake na bibi yake. Kuna jambo linamlemea tangu mvua zilipokatika. Ninajua nusu yake, na hiyo nusu si yangu kuitoa. Umemchungulia, najua. Umepekua simu yake, usinitazame hivyo, mimi nami ningeipekua. Umemnunia ili aone, umempikia anachopenda ili aseme, umefunga begi ili ashtuke. Yote hayo ni kufungua kibuyu na kukitikisa. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Kaa mbele yake, uliza mara moja, kisha ukae na hicho kimya chake kama mtu anayechambua karanga, mkono wako usiende kwenye kitenge.

Wala sisemi kila kilichonyamaza ni kizima. Vipo vinavyonyamaza kwa sababu vimeoza. Ukimwuliza akakutukana, akakuinulia mkono, ukakuta ana ukungu ambao hata mimi mama yake sikuujua, basi pua yako isidanganywe na mtu yeyote, hata mimi. Mmwage. Begi lako nimeliweka chumbani kwangu, sikulificha, na siku hiyo nitalibeba mwenyewe kichwani hadi barabarani, nikupandishe basi la kwenu. Ila usimwage kwa sababu ya kimya peke yake. Inuse kwanza. Wosia wangu ndio huo, na nimeulipia bei.

Mungu akupe pua ya kutambua na mikono inayojua kukaa. Akupe jirani mwenye kibuyu chako siku utakapokuwa umemwaga cha kwako. Nyumba yako ichachuke vizuri, isikose povu, na kimya kikiingia ndani kikukute umekaa.

Sasa ile chupa iache pale juani nilipoiviringisha. Mimi, tangu nianze kukusimulia, nimeshaifunua mara mbili, ulidhani nafukuza kuku. Tusiifunue tena. Lete ungo wa karanga, na simu yako iweke hapa kati yetu. Ukimaliza kuchambua, utampigia Yona, utamwuliza.